Unga Haurudi Kuwa Mahindi

Mume wangu alikufa mwaka juzi, lakini programu yake ilikuwa bado inaniita nikale. Kila ikimaliza hesabu za mto, inaandika mstari mmoja kwenye kioo: Eva, maji yamesimama. Njoo tule. Halafu kile kistari kidogo kinabaki chini yake kikiwaka na kuzima, na mimi nabaki nakitazama. Wenzangu ofisini wamezoea. Wakinikuta nimekodolea kioo bila kugusa kitu wanapita kwa kunyata, kama vile mna mgonjwa chumbani. Wananiudhi. Programu nayo inaniudhi, aliyeiandika ananiudhi huko aliko, na lugha aliyoiandikia ndiyo inaniudhi kuliko vyote, maana tuligombana juu ya lugha hiyo na yeye ndiye aliyeshinda.

Kituo chetu ni chumba kimoja hapa Mpanda, nyuma ya ghala la mahindi. Kazi yetu ni kujua maji ya Mto Kavuu yatafika wapi kabla hayajafika. Mvua ikinyesha kule juu, maji hushuka taratibu, hutandaa mbugani kwa viboko, ndipo huingia bonde la Mpimbwe, Majimoto na jirani zake, kwenye mpunga wa watu. Mtu akiambiwa jioni kwamba maji yanakuja kesho, atavuna alichoweza, atahamisha mbuzi, ataenda kulala kwa ndugu. Akiambiwa maji yakiwa mlangoni, hakuambiwa kitu.

Hatukuwa na mashine kubwa. Tulikuwa na kompyuta kuukuu za msaada, ambazo kila moja peke yake ilikuwa haifai hata kuchapia barua. Cletus ndiye aliyeziunganisha kwa nyaya zikafanya kazi kama moja. Alikuwa mtoto wa Majimoto, amekulia kwenye majaruba ya mpunga, na akaligawa bonde lote kama mtu anayegawa shamba la mpunga: kila kompyuta na jaruba lake. Zote zinapiga hesabu kwa wakati mmoja. Lakini maji ya jaruba lako yanatoka kwa jirani, kwa hiyo kila hatua moja zinasimama, zinaulizana mpakani kwamba kwako yamefika wapi, ndipo zinaendelea. Alikuwa akisema mtu anayefungulia maji bila kumuuliza jirani ndiye analeta kesi kwa mwenyekiti wa kijiji. Nilicheka, maana niliolewa kwenye ukoo huo na kesi zenyewe nilizisikia.

Ugomvi ulianza tulipofika kwenye lugha ya kuandikia programu. Mimi nilitaka Python. Ndiyo niliyokuwa nachorea ramani, na mtu yeyote akifungua faili anaona kilichoandikwa, anasoma, anarekebisha. Cletus alitaka C++. Mkuu wetu, Bwana Leodgar, ni mtu wa maji, si wa kompyuta, akatuomba tumweleze tofauti kwa maneno ya nyumbani. Cletus alimweleza hivi: lugha ya Eva ni kuipa mashine mahindi mazima iyatafune punje moja moja, lugha yangu ni kuyasaga kwanza, mashine inakuta unga, inakoroga inakula. Nikamwambia Bwana Leodgar aulize swali lililobaki. Ukishasaga, mahindi yako wapi? Cletus akasema mahindi anayo mwenye mahindi, yako kwake kwenye gunia.

"Na mwenye gunia akipotea?" niliuliza.

"Nitapotelea wapi, Eva? Mimi na wewe tunalala kitanda kimoja."

Bwana Leodgar alicheka mpaka akavua miwani. Nami nilicheka. Sitaki kusikia mtu akisema kwamba kicheko kile kilikuwa dalili ya msiba. Ulikuwa utani wa mtu na mkewe na hakuna mwingine aliyehusika. Nilimwambia haraka haraka haina baraka, akanijibu ngoja ngoja huumiza matumbo, tukakubaliana kupima. Kila mmoja aliandika hesabu ile ile ya mafuriko ya zamani, kwa lugha yake, kwenye mashine zile zile. Yake ilimaliza chai yetu ikiwa bado ya moto. Yangu tuliiacha inakwenda tukaenda kulala, tukarudi asubuhi, ikamaliza karibu saa sita mchana, wakati ambao maji ya kweli yangekuwa yameshaingia vitandani mwa watu. Alishinda kwa haki. Ningekuwa mimi ndiye Bwana Leodgar ningeamua vile vile, na hilo ndilo linaloniuma.

Alipokwisha kushinda akazidisha. Ili mashine zisipoteze muda kusoma ramani ya mto kila mara, mto wenyewe aliuweka ndani ya programu, kona zake zote na kina chake, ukasagwa humo humo pamoja na mengine. Nilimwambia mito huhama. Akasema siku ukihama atakaa jioni moja ausage upya. Nikamwambia basi msimbo wote, yale mahindi yenyewe, auweke mtandaoni, mahali salama, hata ukifungwa kwa nywila. Hapo ndipo alipokuwa na kiburi chake. Alisema ameandika kwa haraka, kumejaa vumbi, na hawezi kukaribisha wageni nyumba haijafagiliwa. Msimbo ukakaa kwenye kompyuta yake na kwenye flashi aliyoitembeza kwenye mfuko wa shati. Mashine za kituo zilikuwa na unga tu.

Ule mstari wa kuniita aliuweka kwa sababu yangu. Nilikuwa nikisubiri hesabu ziishe nasahau kula, nakonda, na mama yake akaanza kuuliza kama wananitesa huko mjini. Basi programu ikawa inanifukuza mezani. Maji yakiwa ya kawaida inaniita nikale. Kukiwa kukavu inasema: Eva, pakavu. Lala. Maji yakizidi inasema: Eva, leo kuna kazi. Chemsha chai. Nilimuuliza kama iko mingine, akaniambia nisubiri mvua.

Alikufa akitoka Majimoto kupima kina cha mto. Pikipiki, mvua, kona, lori la mpunga. Shati lake tulirudishiwa, flashi haikuwemo.

Msiba tuliufanyia kwao. Watu wa bonde wale wanajua kulia na wanajua kupika, na nilikaa chini ukutani nimefunikwa kitenge huku wanawake wakinihurumia kwa sauti ambayo walidhani siisikii, kwamba maskini hakuachiwa hata mtoto. Siku ya kuanua matanga, baba mdogo Gabrieli alisimama akagawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi. Nguo zilikuwa zimefuliwa tangu jana yake, zimeanuliwa, zimekunjwa, maana nguo ya marehemu haivaliwi na mtu mwingine kabla ya kufuliwa. Suruali kwa huyu, koti kwa yule, jembe kwa mpwa. Kompyuta akampa Osward, mdogo wake Cletus anayekaa Ikola, kando ya ziwa. Nilifunua kitenge nikasema kwamba ndani yake mna kazi yetu ya ofisi. Baba mdogo alinijibu kwa upole kabisa kwamba wanajua, ndiyo maana wanampa Osward, mtu anayejua mambo ya umeme. Nikipata nguvu nitakwenda kwake nichukue kilicho changu. Hakuna aliyenidhulumu. Ningepata wa kumlaumu ningekuwa nimepona siku nyingi.

Nilipata nguvu baada ya arobaini, nikapanda basi kwenda Ikola. Osward ana kibanda karibu na wanapoanika dagaa. Anachaji simu za wavuvi na kuwawekea nyimbo. Alinipokea kwa mikono miwili, mkewe akaniletea samaki, mgebuka wa kukaanga, na ugali, wakanikatalia kuzungumza chochote kabla sijala. Kompyuta ya Cletus ilikuwa juu ya meza imefunikwa kitambaa cheupe kilichodariziwa maua, kile wanachofunikia redio watu wanaoipenda redio yao. Nilipoiona imetunzwa vile moyo ulifurahi. Nikanawa mikono, nikaifungua, nikakuta picha ya mlima wa kizungu na nyimbo za Bongo Fleva. Nilitafuta kila mahali. Nilitafuta tena.

Nilimuuliza vitu vya kaka yake viko wapi.

"Shemeji, mbona niliifua," Osward alisema. "Nguo tunafua, na hii si alikuwa nayo kila siku kuliko hata nguo? Nikampelekea fundi kule Karema akaipiga windows upya. Nikamwambia asibakize kitu, asije kaka akawa anahangaika humo ndani."

Alikuwa ananitazama usoni akisubiri nimshukuru. Alikuwa amelipia ile kazi kwa fedha yake, kwa ajili ya amani ya ndugu yake. Nilimwambia amefanya vizuri. Kisha nikatoka nikaenda kusimama ziwani nyuma ya vichanja vya kuanikia, nikalia mpaka wanawake waliokuwa wanageuza dagaa wakaacha kazi. Mmoja alikuja akasimama tu karibu yangu. Nilipeleka diski ya kompyuta ile kwa mafundi wawili baadaye, wote wakatikisa kichwa, kilichoandikwa juu yake kilikuwa kimeshafunika vya chini. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi tukabaki na unga. Programu ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa, ila hakuna aliyeweza kuisoma. Wako jamaa mtandaoni waliosema unga unaweza kurudishwa nyuma kwa ufundi fulani. Walinirudishia pumba, kurasa na kurasa za namba zisizo na jina hata moja alilolitoa Cletus. Mmoja aliniambia naweza walau kuchungulia ndani ya faili nikasoma sentensi zilizobaki nzima, ile mistari yake ya kuniita, yote kwa mara moja. Nilikataa. Sikuwa tayari kumpekua mume wangu mifukoni. Mistari nilitaka inijie yenyewe, mvua ikileta, kama alivyosema.

Masika iliyofuata mvua ilinyesha ya kutosha, si ya kutisha. Niliingiza vipimo, mashine zikaulizana, zikamaliza. Eva, pakavu. Lala. Nami nikalala. Alfajiri nikapigiwa simu kwamba maji yameingia Majimoto upande wa kwa mama mkwe wangu, upande ambao programu ilisema ni mkavu kama sakafu. Mto ulikuwa umekata njia mpya. Hakufa mtu, tunamshukuru Mungu, lakini mpunga ulilala wote na nyumba ya mama, ya matofali mabichi, iliyeyuka ukuta mmoja mmoja. Mama Emerensiana alitoka na mbuzi wake na picha ya Cletus ya Komunio ya Kwanza, akakaa kanisani na wenzake mpaka nilipokwenda kumchukua. Njia nzima hakuniuliza kwa nini hatukumwambia. Tangu hapo tunakaa wote hapa Mpanda, yeye na mimi na picha.

Bwana Leodgar aliniita. Alikuwa mpole, jambo ambalo pia huniudhi. Alisema programu ya Cletus imefika mwisho wake kwa sababu inakumbuka mto ambao haupo, na kwamba kabla ya masika nyingine lazima tuwe na mpya, itakayoandikwa na mimi kwa kuwa hakuna mwingine. Nichague lugha mwenyewe, mradi hesabu ziishe kabla ya maji kufika. Aliniambia amesikia kuna moja inaitwa Julia, wataalamu wa chuo wanaisifu. Naijua, nilimwambia. Julia husaga mbele yako, pale pale unapohitaji unga, na mahindi yanabaki kwenye gunia kila mtu anayaona. Ukiiamsha hupiga miayo kwanza, ikishaamka hukimbia karibu sawa na C++.

"Basi hiyo," alisema.

"Hapana. Nitaandika kwa C++."

Akaniuliza sababu, nikasema kasi. Kasi ilikuwa sababu ya kusemea ofisini. Ya kweli ni kwamba Cletus aliandika kwa C++, na mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni miaka yote ile nikimtazama anaandika. Niliamini nikikaa kiti chake, kwa lugha yake, nikikumbuka alivyokuwa anaanza, alivyokuwa anaita vitu, nitaweza kuyarudisha mahindi punje kwa punje. Mtu aliyefiwa anaamini mambo ya ajabu zaidi ya hayo, na wengine hulipia waganga.

Nikaanza. Naomba nisidanganye, ilikuwa miezi ya furaha. Nilikuwa naamka na kazi, narudi na kazi. Mikono yangu iliandika kitanzi cha hesabu nikajikuta nimekifunga kama yeye, nikiacha nafasi mbili mwanzo wa mstari badala ya nne, tabia ambayo nilikuwa namsuta nayo. Sehemu ya majirani kuulizana mpakani ilinitoa jasho: kompyuta moja inasubiri jibu la mwenzake, mwenzake naye anasubiri la kwake, zote zinaganda, hakuna wa kuanza. Nilikumbuka aliwahi kukwama hapo hapo na alivyojikwamua, jaruba la kwanza linasema halafu linasikiliza, la pili linasikiliza halafu linasema. Nilipoandika hivyo ikaenda, niligeuka pembeni kumwambia.

Kipimo changu kilikuwa programu yake. Naipa yake mvua fulani, naipa yangu mvua ile ile, halafu natoa majibu ya hii kwenye ya ile. Mwanzoni tofauti ilikuwa kubwa, nikarekebisha, ikapungua, nikarekebisha tena. Kila ilivyopungua niliona kama anasogea. Ikabaki sehemu moja tu iliyokataa, ule ukanda wa chini kwa mama mkwe wangu. Yangu ilisema maji, yake ilisema pakavu. Nilihangaika nao wiki nzima nikitafuta kosa langu, na kosa lenyewe ni kwamba mimi nilikuwa nimeingiza mto wa sasa, uliopimwa upya, na yeye alikuwa na mto wa zamani. Nililijua hilo. Nataka ieleweke kwamba nililijua. Nikatafuta vipimo vya zamani, nikaurudisha mto mahali ulipokuwa Cletus akiwa hai, nikaanzisha hesabu upya.

Tofauti ikawa sifuri. Sifuri kila jaruba, juu mpaka chini. Nikaandika na ule mstari mwishoni, Eva, maji yamesimama, njoo tule, kwa vidole vyangu mwenyewe, nikaiendesha, ikaniita. Nililia kwa furaha, mchana kweupe, kwenye kiti cha ofisi.

Siku ile Mama Emerensiana alikuwa amekuja na chakula changu kwenye hotipoti, kama alivyozoea, kisha akakaa kwenye benchi kunisubiri nimalize. Ramani ilikuwa wazi kwenye kioo kikubwa, maji ya buluu, ardhi ya kahawia. Hasomi vizuri lakini bonde lake analijua hata lichorwe na nani. Akainuka akaja karibu, akaweka kidole.

"Hapa si kwangu?"

Nikamwambia ndiyo, ni kwake.

"Panaonekana pakavu."

"Pakavu, Mama."

Alipatazama sana. Kisha akashusha kidole, akajifunga khanga vizuri kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa safari. "Basi mwanangu, si nirudi tu? Nimekaa kwenu sana. Kama Cletus naye anasema pakavu, nikaanze kufyatua matofali kabla mvua haijaanza."

Nilitazama pale alipokuwa ameweka kidole, kahawia safi, na chini yake, kule Majimoto kwenyewe, mto unapita katikati ya chumba chake cha kulala. Miezi yote ile sikuwa naandika programu ya watu wa bonde. Nilikuwa namrudisha mume wangu, na nilikuwa nimefika, na mahali nilipomfikisha palikuwa pa kumzamisha mama yake.

Nikamkalisha kwenye kiti cha Cletus, nikamwambia hapana, asirudi. Nikamweleza kwamba ile ni ramani ya mto wa zamani, Cletus aliuacha hivyo hajui kama umehama. Alinisikiliza akitikisa kichwa polepole. Nikamweleza na habari za ile mistari, maana hakuwahi kuambiwa, nikamsomea mmoja. Alitaka kuisikia yote. Eva, njoo tule. Eva, lala. Eva, chemsha chai. Akatabasamu, akasema alikuwa mtoto wa kupenda chai tangu mdogo. Halafu akaniuliza, si kwa wivu, aliuliza kama mtu anavyouliza kama ametajwa kwenye salamu za redio:

"Na mimi? Mimi ananitaja humo?"

Nikamwambia sijui, Mama. Nilikuwa naijua mistari mitatu.

Nilifuta kazi yangu ya miezi ile mbele yake. Sikufuta kwa hasira, na kusema kweli C++ haikuwa imenikosea. Lugha haina kosa, hata gunia la mahindi mtu angeweza kuliweka nyumba mbili. Lakini nikiandika kwa lugha ile nitaandika kwa mkono wake, na nikiandika kwa mkono wake nitatafuta sifuri yake mpaka nizeeke. Nilimpigia Bwana Leodgar nikamwambia nimechagua Julia, na mto utakaa nje ya programu, kwenye faili lake, ili ukihama mtu yeyote auhamishe, na msimbo wote utakuwa mtandaoni kuanzia mstari wa kwanza, na vumbi lake. Hakuniuliza sababu. Alisema sawa, binti yangu.

Ikabaki kuizima ya Cletus. Mashine zilikuwa zile zile, haziwezi kubeba zote mbili. Nilikuwa nimeweka mkono kwenye kitufe nikakumbuka swali la mama. Programu ile mto wake ulikuwa umekufa lakini mvua ilikuwa bado inapokea yoyote utakayoipa. Nikaipa mvua ya kutunga, mvua ambayo mbingu ya Katavi haijawahi kuinyesha tangu watu waanze kuandika, ya kufunika bonde lote mpaka kwenye paa za bati. Nikamwambia mama tusubiri kidogo. Tulikula ugali wake tukisubiri. Mashine zilikuwa zinavuma, zinaulizana mpakani, kwako yamefika wapi, kwako yamefika wapi, na ramani ikawa inageuka buluu jaruba kwa jaruba.

Zikamaliza. Ukatokea mstari ambao sijawahi kuuona.

Mama akaniambia nisome, yuko tayari. Nikamsomea.

"Eva, mtoe mama kwanza. Msinisubiri mimi."

Mama Emerensiana aliweka tonge chini. Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Alikitazama kioo, kile kistari kidogo kikiwaka na kuzima chini ya maneno, na nadhani alikielewa kuliko mimi, kwamba kinasubiri mtu aseme kitu. Akanigusa mkono.

"Mjibu," akasema. "Mwambie tumeshatoka."

Nikasogeza kibodi nikaandika, tumeshatoka. Programu yake hakuwahi kuiwekea mahali pa kupokea jibu. Maneno yalikaa pale kidogo kwenye kioo, chini ya yake, kisha nikazima.